Anaogopa Urefu, Anaendesha Kreni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Dada Mawingu anapanda ngazi ya kreni, macho ameyakaza kwenye chuma kilicho mbele ya pua yake. Hatazami chini. Chini, anasema, kupo tu, hakuhitaji kukaguliwa.

Mafundi wa jengo wanaapa hawajawahi kumwona akitetemeka. Ni kweli. Hutetemeka akishafika juu, ambako mashahidi ni kunguru peke yao.

"Nyumbani balbu ikiungua namwita mume wangu apande kiti," anasema na kucheka. "Ila woga huu ndio unaonilisha. Asiyeogopa huku juu hakai sana."

Leo ana sababu nyingine ya kuogopa. Ameambiwa ikifika saa sita aende ofisini, akajue kama kazi hii ya miaka saba, inayolisha vinywa sita, bado ni yake.

Kisa ni breki. Kila jioni mwendesha kreni hulegeza breki ya ule mkono mrefu wa chuma, ili usiku ugeuke upepo utakako. Wapita njia huuona ukizunguka wenyewe gizani, wakaharakisha kwenda makwao.

"Ukiufunga, upepo unausukuma kama mlango uliokomewa," anaeleza. "Mlango imara haufunguki. Unang'oka na ukuta wake."

Jumatano iliyopita lilisimamishwa hema chini ya kreni, kwa heshima ya mwenye jengo aliyekuwa aje kesho yake na wageni. Walinzi wawili waliamriwa walale humo, viti visije vikapata miguu. Jioni, msimamizi, ambaye vibarua humwita Bwana Harakaharaka akiwa mbali vya kutosha, akaita kwenye redio.

"Dada Mawingu, leo funga breki. Mkono uelekee ukutani. Sitaki chuma kicheze ngoma juu ya wageni."

"Mkubwa, nikiufunga na upepo ukaja, hautacheza. Utalala. Na utalala juu ya hema hilo hilo."

"Umekuwa mtabiri wa hali ya hewa?"

"Nimekuwa mama wa watu, mkubwa."

"Basi usipofunga, kesho usipande. Getini wapo wanne wanakitaka kiti hicho."

Wanne hao si hadithi. Huwaona kila siku kutoka juu, wadogo kama siafu, wakimsubiri ateleze.

Akampigia mumewe, fundi cherehani. "Mama watoto, funga uje nyumbani," mume akasema. "Ni usiku mmoja tu. Kwani upepo umekuahidi kuja?"

Akafunga.

"Mkono wangu ulifunga, moyo ukakataa," anasema. Alikuwa nusu ya ngazi akishuka aliposikia chuma kikiguna. Upepo ulikuwa umefika, na ngazi ilimtikisa kama embe bovu. Chini, walinzi walikuwa wakitaniana nani atakoroma kwanza.

Hapo kila kiungo chake kilitaka kushuka. Akapanda. Anasema alilia njia nzima, kwa sauti, na hakuna aliyemsikia. Alipolegeza breki, mkono uligeuka kwa kishindo na kupita juu ya hema ukiwa huru.

Usiku huo upepo uling'oa hema, ukawaacha walinzi wakikumbatiana kati ya viti. Kreni ilibaki wima. Asubuhi, badala ya asante, Dada Mawingu alipewa siku tatu za kusubiri, huku akiendelea na kazi, hukumu ya kukaidi amri.

"Hema ni upepo, kreni ni bahati, ukaidi ni wako," ndivyo alivyoambiwa na msimamizi. Mumewe tangu siku hiyo haondoki kwenye cherehani. Anashona.

Leo, kabla ya kupanda, alisimama getini akawaeleza wale wanne habari ya breki. Mmoja akamuuliza, "Dada, na wewe ukifukuzwa kwa jambo hilo, sisi tukiamriwa tufanyeje?"

Akapanda na swali hilo. Bado analitafutia jibu huku juu, mikono imeshika vishikio vya kuongozea kreni.

"Wakiniacha kazini, nitashukuru," anasema. "Wakinifukuza, nitaomba nusu saa na huyo atakayekalia kiti changu. Nimpandishe mwenyewe siku ya upepo, nimshikishe breki, nimwache aogope mpaka ashibe. Baada ya hapo wamwamrishe wanachotaka."

Redio inakoroma. Ni sauti ya msimamizi. Saa sita bado, lakini anamtaka ashuke sasa hivi.