Hakuna Aliyeniuliza "Halafu?"

Akina mama wenzangu, mwenyekiti ameninong'oneza hapa kwamba nishuhudie kwa kifupi, maana chai iko tayari. Nitasema kwa kirefu. Chai itapashwa moto. Kifupi ndicho kilichotaka kuniua, kwa hiyo leo mtanivumilia.

Wengi mnanifahamu. Nilizaliwa Marangu, nikaolewa hapa Mwika. Nilikuwa na nguvu. Nilikuwa nateremka tambarare kukata majani ya ng'ombe, napandisha mzigo kichwani, na nikifika nyumbani bado nina pumzi ya kuimba. Kahawa ilikuwa imeshuka bei mpaka watu wanang'oa mibuni. Sisi tuliishi kwa maziwa ya ng'ombe mmoja wa kizungu, na kwa vipuri ambavyo mume wangu, Baba Neema, alikuwa anauza Himo. Neema wetu alikuwa ameshaanza shule, na mimi nilikuwa na mimba ya pili. Tulikuwa tumeingoja sana.

Basi ng'ombe akatupa mimba yake. Asubuhi nilimkuta amesimama bandani, miguu ya ndama iko nje, haiendi mbele wala nyuma. Nikakunja mikono ya gauni, nikavuta. Ndama akatoka amekufa, manyoya hayajaota vizuri. Kondo la nyuma likagoma, nikaingiza mkono mpaka kiwiko nikalitoa. Nikanawa kwa maji na majivu. Nani kati yenu hajafanya hivyo? Tukamfukia ndama nyuma ya migomba, tukasahau.

Baada ya muda homa ikaanza. Ilikuwa inakuja jioni, asubuhi inaondoka. Natoa jasho mpaka shuka inakamulika, na jasho lenyewe linanuka kama majani yaliyolowa. Mgongo ukauma, nyonga zikauma, magoti yakauma. Nikawa nalia bila kujua ninalilia nini.

Nikaenda zahanati. Dokta akauliza, "Homa?" Nikasema ndiyo. "Kichwa?" Nikasema ndiyo. "Malaria hiyo." Akaandika, huku anamwita anayefuata. Nilirudi tena na tena. Kila mara homa, kichwa, malaria. Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Mimi sikuficha kitu. Sikuulizwa.

Mimba ikatoka. Nilikuwa jikoni namenya ndizi za mtori. Tumbo likakaza, damu ikashuka mpaka kwenye ndara. Alikuwa mtoto wa kiume, vidole vyake vimekamilika vyote. Najua hampendi niseme haya wakati chai inangoja. Mimi nimechoka kuyabeba peke yangu.

Mama mkwe wangu alisimama mlangoni, akasema, "Ng'ombe ametupa, na wewe umetupa. Umetuletea nini kutoka Marangu?" Maneno hayo nayasikia mpaka leo. Kinachoniuma zaidi ni kwamba alikuwa ameuona ukweli kabla ya dokta. Aliushika upande usio wake tu.

Na msidhani alinitelekeza. Hapana! Alinihudumia. Aliniletea mlaso, ile damu iliyochanganywa na maziwa tunayopewa wazazi hapa kwetu. Kila asubuhi alikuja na kikombe cha maziwa, povu liko juu. "Kunywa, mama Neema, yangali na joto la kiwele. Ukiyachemsha unaua nguvu yake." Nikanywa. Maziwa ya ng'ombe yule yule. Alikuwa ananiua kwa mkono wa upendo, na mimi nasema asante mama.

Nikawa mtu wa kitandani. Baba Neema akaanza kulala Himo. Akija nyumbani anasimama, hakai. Nikasikia kwamba wazee wameshaanza kuzungumza habari za mke mwingine, kwamba huyu wa Marangu tumbo lake limeharibika.

Nilibaki na redio. Stesheni mpya zilikuwa zimeanza miaka ile, na moja ilikuwa na kipindi cha mchana cha mazungumzo. Mtangazaji alikuwa mama mmoja mwenye sauti nzito. Alikuwa anamleta mtu mmoja, si mheshimiwa wala mwimbaji, anakaa naye mchana kutwa. Leo mchimba visima. Kesho mtu anayetengeneza tarumbeta za makanisani. Kesho kutwa askari jela mstaafu, mwanamke, akaeleza jinsi wafungwa wanavyojifunza kulia bila sauti. Mimi kisima cha nini? Lakini yule mzee alipoeleza jinsi unavyonusa udongo ukajua maji yako karibu, nilisahau mgongo wangu. Nilikuwa nimefungiwa kwenye chumba chenye dirisha moja, na bado niliingia kwenye visima na magereza.

Yule mtangazaji alikuwa na tabia moja. Akiuliza, ananyamaza. Mgeni akidhani amemaliza, anamwambia taratibu, "Halafu?" Na mgeni anatoa lile ambalo hakupanga kulitoa. Nilimsikia nikamwonea wivu kila mgeni wake.

Siku moja mgeni alikuwa daktari wa mifugo mstaafu. Alianza na utoto wake, akaja kwenye kupe, akaja kwenye chanjo. Hapo mama mkwe akaingia. "Zima hiyo. Betri ni za matangazo ya vifo."

Nikamwambia, "Niache nisikilize, mama, kabla la kwangu halijasomwa."

Alishtuka, akatoka. Kipindi kingekuwa kifupi kingeishia kwenye chanjo, na mimi ningeishia makaburini. Lakini mtangazaji akasema, "Halafu?" Yule mzee akasema kwamba mke wake mwenyewe aliugua. Homa za jioni, jasho, mgongo, mimba ikatoka. Alikuwa anakunywa maziwa mabichi ya ng'ombe aliyetupa mimba, na yeye mumewe, daktari mzima, hakuwaza. Ugonjwa unaitwa brusela, akasema. Unatoka kwa ng'ombe unaingia kwa mtu, kwa maziwa, na kwa mkono unaovuta ndama.

Nikautazama mkono wangu.

Baba Neema alipokuja nikamweleza. Akacheka. "Kwa hiyo sasa sisi ni ng'ombe?" Nikauza kuku wangu, nikashuka Moshi mwenyewe, nimeinama kama bibi kizee. Nikaenda hospitali nyingine. Nilipokaa mbele ya dokta sikungoja swali. Nilimweleza ndama, kondo la nyuma, maziwa, jasho, mtoto. Akaweka kalamu chini. "Mbona huko zahanati hukuyasema haya?"

Nikamjibu, "Kuuliza si ujinga, dokta. Hawakuniuliza."

Wakanitoa damu. Ilikuwa brusela. Nikapewa vidonge na sindano, wiki baada ya wiki, makalio yakawa magumu mpaka nakaa upande. Jioni moja nikagundua jua limezama na mimi sina baridi. Nililia kwa sauti, na safari hii nilijua ninalilia nini.

Watu wa mifugo wakaja, wakampima ng'ombe, akachinjwa. Mama mkwe alimlilia yule ng'ombe siku nzima. Mwanangu niliyempoteza hakumlilia. Baba Neema akarudi kulala nyumbani, akakaa kwenye kiti chake kama vile alikwenda dukani mara moja. Nikangoja aniletee jani la isale. Nyote mnajua, aliyekosa akikuletea jani lile huwezi kumkataa. Na la mama yake nikalingoja pia. Halikuja jani hata moja.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru wale wawili wa redioni ambao hawanijui. Chemsheni maziwa mpaka yapande. Ng'ombe akitupa ndama, msiguse kwa mikono mitupu. Na mtu akiwaambia anaumwa, mwulizeni "halafu", kisha mfunge midomo. Kuna mambo hayatoki kwa swali la kwanza.

Nimebakiza jambo moja, na mwenyekiti asinikatishe.

Mama mkwe wangu, nakuona umekaa pale karibu na mlango. Jua linawaka na wewe umejifunika shuka mbili. Juzi nilifua nguo zako, nikainusa ile harufu ya majani. Magoti yako hayapandi tena ngazi ya kanisa. Na bado kila asubuhi unakwenda kwa jirani kunywa yenye joto la kiwele, kwa sababu hutaki kuambiwa na redio.

Mimi sijasahau, mama. Bado nina uchungu. Ningeweza kunyamaza tu, ukaondoka polepole kwa kikombe chako mwenyewe, na hakuna ambaye angenilaumu.

Hili hapa, nimelichuma asubuhi kwenye mpaka wa kihamba chako cha migomba. Ni isale. Aliyekosewa ndiye ameleta, ajabu hiyo, lakini jani ni jani, na huwezi kulikataa mbele ya akina mama hawa wote. Kesho tunashuka Moshi, mimi na wewe. Nitakaa pembeni yako, na dokta akisema "homa, kichwa", akaanza kuandika, nitamshika mkono. Pokea, mama.