Chupa Sita za Mke Wangu

Mtunza maabara alijua fika kwamba mwani ukikaa gizani hupunguza kutengeneza protini za kunasa mwanga, na ukimulikwa kidogo tu huanza kuzitengeneza kwa kasi. Chupa sita za mwani ndani ya chumba cha giza zilikuwa jaribio la mwisho la mkewe, aliyezikwa Jumanne. Zilibaki siku mbili tu zipimwe.

Alipoingia kuzikagua, akawasha taa. Alitamani kuuona mwandiko wa marehemu kwenye lebo.

“Shemeji, umewasha?” rafiki wa mkewe akauliza mlangoni.

“Nimewasha.”

“Basi zimeshaharibika. Kaandika nini hapo?”

“‘Mume wangu, usiwashe taa. Nakujua wewe.’”

Akaizima, ingawa hakukuwa tena na cha kuokoa.