Kanda ya Mamake Masudi

Ipo Ijumaa moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na marehemu mke wangu alilijua hilo na akanisamehe. Nimesikia kwa mamako kwamba vijana wenzio wamekufanya katibu wa timu yenu na msimu unakaribia. Hongera. Sasa vuta kiti ukae. Mambo ya jezi na viwanja na ratiba utayajua mwenyewe, hayana elimu kubwa. Miye nataka kukwambia jambo moja tu, na ukiniona nanyamaza katikati usidhani nimelala.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, karani katika kampuni ya ujenzi pale Murabba, Riyadhi. Ulikuwa wakati wa neema ya mafuta. Kila ukigeuka, winchi. Kila ukipiga chafya, saruji. Mji ulijengwa mbio hata kiwanja mlichochezea mwaka jana, mwaka huu mnakikuta kimeota ghorofa sita. Nasi watu wa mwambao tulikuwa na timu yetu. Haikuwa katika ligi yoyote ya serikali, haikuwa na ofisi wala kombe. Tulikuwa madereva, mafundi, wapishi na makarani, kila mtu na kafili wake, yaani bosi aliyemdhamini, na ikama yake, kibali cha kukaa, mfukoni. Ijumaa baada ya alasiri tulicheza na Wasudani, Wayemeni na Wasomali, magoli yetu mabomba tuliyoomba kwa mafundi wa majengo.

Upweke wa Riyadhi sijui nikueleze vipi. Watu tele, kelele tele, na ukirudi chumbani unasikia kijiko chako mwenyewe kinavyogonga sahani. Wengi hatukuwa na wake pale. Simu ya kupiga kwetu ilikuwa shughuli, na huko kwetu nani alikuwa na simu? Tulichokuwa nacho ni barua, na kanda. Mama asiyejua kuandika alikaa mbele ya redio kaseti ya jirani, akasema yake, akampa msafiri ailete.

Sasa sikiliza hapa. Siku zile tarishi haji mlangoni kwako. Barua inakuja kwenye sanduku la posta, na dereva wa nyumba ya watu hana sanduku. Miye meneja wangu alinipa ruhusa ya kutumia sanduku la kampuni, basi timu nzima ikatumia anwani yangu. Hata ukatibu walinipa kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya akili. Kila Ijumaa nilifika kiwanjani na mfuko wa turubai, nikasimama kati ya uwanja na kuita majina. Barua kwanza, mpira baadaye, ndiyo ilikuwa kanuni yetu tangu kwa katibu aliyenitangulia. Walikuja hata wazee wasioweza kukimbia hatua kumi. Wakishapata barua zao walikaa pembeni wakisoma, sisi tukicheza.

Basi mwaka ule, hija imekwisha, baridi imeanza, msimu umebaki miezi miwili. Nilikuwa nimeshapata kiwanja kipya na jasi ya kupigia mistari. Ratiba tumepanga na Wasudani, ambao mwaka uliotangulia walitufunga mabao matano na wakatucheka mpaka Ramadhani. Nikasema safari hii, wallahi, hawatucheki. Lakini mazoezini watu hawaji. Huyu kafili wake kasafiri, yule kachoka, wa tatu anafua. Nikakaa nikafikiri, akili nywele, na zangu siku hiyo zilikuwa za kipara. Nikatangaza: tangu leo, mpira kwanza, barua baadaye. Asiyekuja mazoezini, barua yake inamngoja hadi Ijumaa atakayokuja.

Walicheka, wakadhani mzaha. Ijumaa iliyofuata walikuja watu ishirini na wawili. Nikatembea pembeni ya uwanja na filimbi yangu shingoni, najiona waziri. Wazee wa pembeni walingoja na jua lao mpaka tumalize ndipo wapate barua. Mmoja aliniambia, "Katibu, hii si nzuri." Nikamwambia msimu ukianza tutarudi kama zamani. Cheo ni dhamana, waliniimbia tangu chuoni, lakini sikio langu lilikuwa limejaa filimbi.

Golikipa wetu alikuwa Masudi, Mpemba wa Wete, dereva wa familia moja ya mtaa wa juu. Mtu mrefu, mpole, mikono kama sinia. Ndiye aliyenipokea nilipofika Riyadhi sijui kushoto wala kulia. Nililala chumbani kwake miezi miwili na hakuniuliza naondoka lini. Basi siku ya Jumapili dereva wa lori kutoka Jidda akaniletea kanda iliyofungwa kwa kitambaa cha kanga, imeshonwa kwa uzi. Akasema, "Bi Ruzuna anasema hii ya Masudi, apewe upesi." Bi Ruzuna alikuwa mama wa Kiunguja aliyekaa Jidda miaka mingi, nyumba yake ndiyo kituo cha mahujaji wa kwetu. Kila kitu chake kilikuwa cha upesi, hata achari alizotuletea. Nikaitia kanda kwenye mtoto wa meza, nikafunga.

Masudi alikuwa amekosa mazoezi mara mbili. Jumanne akaja ofisini kwangu anakimbia, gari la bosi amelisimamisha nje, madam yumo ndani.

"Katibu, nimesikia una kanda yangu."

"Ninayo. Ijumaa njoo uichukue."

Akacheka. "Nipe bwana, madam ananingoja."

"Sheria ni sheria, Masudi. Golikipa asipokuja, hao wengine nitawaambia nini?"

"Ijumaa hawanipi ruhusa, wana wageni. We si unajua?"

"Basi Ijumaa nyingine."

Kile kicheko kikabaki usoni mwake hakina kazi. Honi ikalia nje. Ikalia tena. Akasema, "Haya, Katibu," akatoka. Na kanda, mwanangu, ilikuwa hapa, kwenye mtoto wa meza kando ya goti langu, nikinyoosha mkono naigusa. Kwa nini sikuunyoosha? Nimejiuliza swali hilo miaka yote hii. Jibu ni dogo na la aibu: niliona raha kukataa. Mtu aliyezoea kuambiwa yalla, mafi, halas, yaani twende, hakuna, basi, na kila mwenye kanzu nyeupe, siku hiyo na yeye alikuwa na neno la kumwambia mtu.

Ijumaa ile hakuja. Iliyofuata akaja. Nilisikia baadaye kwamba aligombana na bosi wake nusura afukuzwe. Alicheza mazoezi yote, akijitupa kulia na kushoto kwenye mchanga na kokoto, kiwiko kinavuja damu, na miye nikashangilia, nikasema golikipa tunaye. Tulipomaliza nikamkabidhi kanda yake mbele ya watu kama ninayemtunuku. Imekaa kwangu siku kumi na mbili.

Hakuwa na redio kaseti, kwa hiyo tukaenda chumbani kwangu, hapo karibu, jua bado halijazama. Akakata uzi kwa meno. Nikataka kutoka, akasema, "Kaa tu." Nikakaa.

Kwanza tulisikia kuku. Halafu mtu akisema, "Sema, mama, kinachukua." Halafu sauti ya bibi, ndogo, inavuta pumzi.

"Masudi. Ni mimi mamako. Sijui nikitazame wapi hiki chombo. Mwanangu, maradhi yamenizidi. Usiogope, kila mtu na siku yake. Jirani yetu Bi Asha anakwenda kuhiji, na kanda hii atakuletea yeye. Akirudi nataka aje na sauti yako. Usiniandikie. Barua nasomewa na watu, na kila msomaji ananisomea kwa sauti yake. Nataka nikusikie wewe. Radhi zangu unazo, nimekupa zote. Lakini nataka nikusikie."

Kanda ikaendelea kuzunguka na kuku wake. Masudi alikuwa ameinama. Kisha akauliza, hakuniangalia, "Mahujaji wa kwetu wanaondoka lini Jidda?"

Sikujua. Nilitoa kanda yangu moja ya taarabu, nikampa afute arikodi juu yake, nikatoka nje nikasimama ukutani. Nilisikia sauti yake ndani lakini sikutaka kusikia maneno. Alipotoka nikamwambia, "Nipe. Naipeleka mwenyewe." Akanipa. Hakusema asante, na miye sikustahiki.

Asubuhi nilimdanganya meneja kwamba ninaumwa, nikapanda teksi ya abiria ya kwenda Jidda. Njia ya kutwa nzima, jangwa na mawe, na kanda mfukoni mwa shati. Nilifika kwa Bi Ruzuna jua linakwenda kuzama. Ua umejaa mikeka iliyokunjwa na ndoo tupu, na nilipoona mikeka imekunjwa nikajua.

"Wameondoka jana," akasema. "Jana alasiri."

Jana alasiri Masudi alikuwa akigaagaa mchangani akiokoa mipira yangu.

Nikamweleza Bi Ruzuna kila kitu, sikuficha, sijui kwa nini. Labda kwa sababu alinipa maji kwanza. Alisikiliza huku akikunja shuka za wageni. Nilipomaliza akasema, "Bi Asha aliniuliza kila siku. Kila lori likisimama hapa, anauliza, jawabu limekuja? Jana basi lao limepiga honi, yeye bado kasimama mlangoni, wenziwe wanamvuta mkono. Mimi nikamwambia labda mwanamume huyo hana haja na mamake. Nimemsingizia mtu, Mungu anisamehe. Kumbe ni wewe."

"Bi Ruzuna, nilikuwa nataka timu ikusanyike."

"Ilikuwa imekusanyika! Wewe uliikuta imekusanyika. Ati mpira! Hao watu walikuja kwa mpira? Walikuja kwa sababu hapo palikuwa na mtu anayewaita kwa majina yao na kuwapa habari za kwao. Amana ya mtu si kamba ya kumfungia mbuzi." Akaweka shuka. "Kula kwanza, halafu kaitie posta."

Sikula. Asubuhi nikaitia posta kwa ndege, nikarudi Riyadhi.

Simu ya maandishi ya Masudi, telegramu, ilifika kwenye sanduku langu siku ya kumi na nane tangu nirudi. Maneno manne. Nilikuwa kazini, saa tano asubuhi, mkutano wa wahandisi unaningoja na makaratasi. Niliyaacha mezani. Nilikwenda kwa miguu, nusu nakimbia, mpaka nyumba ya bosi wa Masudi, nikagonga lango. Akatoka mwenyewe na kitambaa cha kuoshea gari. Nikampa karatasi. Akaisoma, akaikunja, akaikunja tena mpaka ikawa ndogo kama sarafu.

Akaniambia, taratibu, bila hasira, "Hii umeiwahisha, Katibu."

Akarudi ndani, akafunga lango. Mwanangu, nimewahi kutukanwa na watu wengi, Kiarabu na Kiswahili, na matusi yote nimeyasahau. Kanda yake ilifika Wete baada ya hitma ya mamake, wakaisikiliza waliokuwapo.

Msimu ulianza. Tuliwafunga Wasudani mawili kwa moja, na golini alisimama mwingine, kwani Masudi alipata kazi Dammam na akaondoka bila kuniaga. Nilimwandikia barua tatu kuomba radhi. Hakujibu, wala simlaumu. Na hakuna aliyenivua ukatibu, hilo ndilo lililoniuma. Waliniamkia, waliniita Katibu, waliniachia filimbi. Lakini mmoja baada ya mmoja wakatafuta masanduku kwingine, huyu kwa Mmisri wa duka la dawa, yule kwa fundi cherehani. Hawakuniambia. Ijumaa moja nilifika na mfuko wangu wa turubai, ndani mna barua moja tu, na ilikuwa yangu. Niliisoma nimesimama pale kati ya uwanja, na wenzangu wanapasha misuli kule mbali, na nikahisi kwamba hata nikipiga kelele hapa hapana atakayegeuka. Nililia usiku huo, na siku nyingi nyingine, mtu mzima na ndevu zake. Kuzoea sikuzoea.

Sasa nasaha yangu ndiyo hii, na sikwambii mara mbili. Watakapokupa daftari la timu, watakupa na mambo mengine yasiyoandikwa humo: siri ya mtu, shida ya mtu, funguo za mtu, salamu za mamake. Hayo usiyatumie kumvuta mtu, hata kwa jambo jema, hata kwa jambo unaloamini. Mtu akikosa mazoezi, mfuate umuulize ana nini. Akikosa tena, mfuate tena. Ukifungwa mabao matano, fungwa. Majuto ni mjukuu, huja mwisho, na huyu wangu amekaa nami nyumba moja tangu siku hiyo, watoto wameolewa na mke amekufa, yeye hajahama. Na kitu cha mtu kikifika mkononi mwako, usingoje Ijumaa. Vaa viatu uende.

Haya, nenda, wenzio wanakungoja kiwanjani. Mungu akupe watu watakaokuamini, na akuepushe na utamu wa kuaminiwa. Akujaalie mamako aisikie sauti yako kila anapoitaka, na siku ukikosea, akukutanishe na uliyemkosea mapema, wakati bado lango liko wazi. Amin.