Tuta la Dada Paskazia

Dada yangu Paskazia anajua maji. Hapa Mchombe, mtu jaruba lake la mpunga likizidiwa, humwita yeye kwanza. Anasimama juu ya tuta, anatazama kidogo, kisha anapiga jembe mahali pamoja tu, na maji yanaanza kutoka yenyewe. Nimelima naye miaka ishirini na sita na bado sijui huwa anaona nini.

Mwaka jana alipimwa presha zahanati, ikasoma 188 kwa 112. Hakuwa anaumwa popote. Muuguzi wetu, Sada, akampa vidonge vya mwezi mmoja na kumwambia arudi vikikaribia kuisha. Dada alivimeza vyote thelathini, kila asubuhi, bila kuruka hata siku moja. Kisha tukahamia shambani, mbali na kijiji, kama tunavyofanya sote msimu wa mpunga. Nilipomuuliza habari za dawa, alinijibu, "Dozi nimemaliza, mdogo wangu."

Nami nikaridhika. Dozi tunaijua. Mseto wa malaria unameza siku tatu, unamaliza, umepona. Anayesemwa vibaya ni yule anayeiacha katikati.

Asubuhi moja tulikuwa tunaamia ndege wasile mpunga, mimi upande wangu na yeye upande wake, akipiga debe kwa fimbo. Mara debe likanyamaza. Nilipogeuka, fimbo ilikuwa imemponyoka mkono wa kulia na mdomo umeenda upande. Alikuwa ananitazama. Alitaka kuniita. Jina langu ni Dionisi, amelitaja tangu nilipozaliwa, lakini siku ile lilimkataa. Ilitoka sauti tu.

Tulipopata pikipiki, mdomo ulikuwa umesharudi mahali pake, naye akasema ni uchovu, turudi kwenye ndege. Mimi si mtu wa kubishana. Siku ile nilibisha.

Zahanati mashine ilisoma 204 kwa 118.

"Mama, dawa uliacha lini?" Sada aliuliza.

"Sikuacha, mwanangu. Nilimaliza."

Sada aliweka kalamu chini. Hakumgombeza. Alituambia kwamba ile ilikuwa dalili ya kiharusi, kimepita karibu na kinaweza kurudi, akatuandikia rufaa ya Ifakara. Huko dada alilazwa siku nne.

Tuliporudi kwa Sada tulikuwa na vidonge vya aina mbili. Kwenye benchi alikuwapo Ngusa, jirani yetu Msukuma mwenye ng'ombe, anayetutania sisi Wandamba, naye ana presha.

"Malaria ina mdudu," Sada alisema. "Dawa inamuua, kazi imekwisha. Presha haina mdudu wa kuua. Dawa inaishusha kwa muda tu. Ukiacha inapanda tena, na haipigi hodi."

"Na hivi viwili, kila kimoja kina kazi gani?" dada aliuliza. Mimi nisingethubutu kuuliza.

"Hiki kinatoa maji na chumvi iliyozidi, ndiyo maana utakwenda haja ndogo mara kwa mara. Hiki kinalegeza mishipa, damu ipite bila kusukumana."

Dada aliviweka kiganjani, akavigeuza kwa kidole.

"Kumbe," alisema polepole. "Huyu anafungua jaruba. Na huyu anapanua mfereji."

Nilisisimka mwili mzima. Miaka yote ile tulikuwa tunatembea juu ya matuta, na ndani yetu kuna mifereji vilevile, inajaa na kupungua, hatuisikii. Vidonge vyenyewe ni vidogo kuliko punje ya mahindi.

Miezi mitatu baadaye mashine ilisoma 128 kwa 82. Ngusa, aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni, alipiga makofi.

"Haya, Mndamba, umepona! Vitupe hivyo, ukale wali wako."

Nilimtazama dada. Niliogopa, kwa sababu alikuwa anatabasamu.

"We Msukuma, kaa na ng'ombe wako," alisema. "Maji yakitulia jarubani, unabomoa tuta?"

Ngusa alicheka mpaka akakohoa. Halafu akamsogelea Sada, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba vyake viliisha tangu mwezi uliopita.

Mwaka huu tumehamia tena shambani. Dada amefunga vidonge kwenye kikopo na kukitundika kibandani juu ya mfuko wa chumvi, chumvi ambayo sasa anaitia chunguni kwa ncha ya kidole. Kila mwezi, wiki moja kabla havijaisha, anaacha ndege mikononi mwangu na kwenda kwa Sada.

Kukipambazuka anameza viwili vyake kwa maji ya kikombe kizima, anapanda juu ya tuta na kuita mpaka kwangu upande wa pili.

"Dionisi!"

"Naam, dada!"

"Jina limetoka?"

"Limetoka lote!"

Ndipo anaokota fimbo na kuanza kupiga debe, na ndege wanaruka.