Hewa ya Moto Njia ya Kapolowe

Nimezurura na magari mengi tangu niache shule, lakini juzi dereva wa teksi alipofungulia hewa ya moto ya gari juani, nilinusa tena poda ya shangazi.

Siku ya harusi yake, baba alitupeleka kanisani Kapolowe kwa gari lake kuukuu la mbio, alilolitia injini ya lori. Nilipakatwa na bibi harusi. Mshale wa joto la injini ulipanda, na padri hangesubiri, basi baba akafungulia hewa ya moto, ikatuunguza miguu.

“Yaya, unatupika?” shangazi alimuuliza kaka yake.

“Vumilia, mudogo. Moto ikitoka huku, moteri inapona.”

Niliamini baba anatuunguza kwa kuwa hataki dada yake aolewe, nikalia njia nzima.

Leo najua hewa ile ilipoza injini kweli. Lakini alipomshusha shangazi mlangoni pa kanisa, poda imeyeyuka, baba alilia kunishinda.