Mama Alivyopotea Kwenye Mahakama ya Zamani

Mama yangu alipotea ndani ya jengo lenye mlango mmoja tu wa wageni, na mlinzi wa mlango huo akaniapia kwamba hakuwahi kuingia.

Msinicheke. Ilikuwa hivi.

Mahakama ya zamani hufungwa mwaka mzima. Siku moja tu ndiyo wananchi huruhusiwa kuingia kuangalia. Mama alifanya kazi mle miaka thelathini. Siku hizi kumbukumbu zinamtoka, na sukari ndiyo usiseme. Nikaona nimpeleke, labda akili itachangamka.

Mlangoni nikauachia mkono wake nipige picha. Kugeuka, hayupo!

Nikaingia ndani nikizunguka naita. Ukumbi mkubwa, kizimbani, hadi vyumba vya mahabusu. Wapi! Saa sita mchana ikapita. Asubuhi alichomwa sindano yake ya sukari, na tangu hapo hajala kitu. Akichelewa kula anazimia, na chakula chake ninacho mimi mkobani.

Nikamrudia mlinzi, jasho linanitiririka.

"Kaka, nisaidie, mama yangu atanifia! Ni mzee, alikuwa karani mkuu humu."

"Dada, leo hajaingia karani yeyote. Kila mgeni namwandika mwenyewe."

"Mnene kidogo, gauni la kijani!"

"Wa gauni la kijani? Aa, huyo si karani bwana. Kaniambia yeye ni wa usafi, nikampisha."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama alikuwa mfagiaji. Ukarani niliubuni mimi nikiwa shuleni. Nikawaambia marafiki, baadaye wakwe, mpaka ulimi ukazoea. Yaani mzazi wangu yuko hatarini, na mimi bado naulinda uongo!

"Wafagiaji walikuwa wanakaa wapi?" nikapiga kelele.

Akanionyesha kijimlango chini ya ngazi. Nilishakipita mara nne.

Nikavuta. Mama alikuwa gizani, kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatetemeka, kalowa jasho chapachapa.

"Mama!"

"Shh! Funga. Wageni hawajaondoka."

Ndiyo ilikuwa amri ya mabosi wake enzi hizo: wageni wakija, mfagiaji asionekane.

Nikatoa juisi mkobani, nikamnywesha kidogo kidogo. Macho yakaanza kumrudia.

"Mama, nimeita mpaka sauti imekauka. Hukunisikia?"

"Nilikusikia, mwanangu."

"Sasa mbona hukuitika?"

Akaniangalia, akili zake zote zimetimia.

"Ulikuwa katikati ya watu. Nikasema nisije nikakuaibisha."

Nililia pale chini ya ngazi kama mtoto mdogo, watu wakajaa pomoni kunitazama. Mlinzi akauliza kama huyu ndiye yule karani niliyekuwa namtafuta. Nikamjibu kwa sauti, wote wasikie: "Ni mama yangu. Alikuwa anafagia hapa."

Ndugu yangu unayesoma, kama kuna mzazi unayemwonea haya, usidhani hajui. Anajua. Ananyamaza tu ili akusitiri.