Siku Nilipoichosha Miguu ya Vijana Wangu

Shule niliiacha darasa la tatu, nikaingia mashamba ya mkonge ya Kilosa kukata kama baba yangu. Nilicho nacho nimekipata kwa mikono hii: mashine ya kukoboa, nyumba ya matofali, ekari za mpunga Tindiga. Timu ya mtaani kwetu niliianzisha mimi, na kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna aliyevaa jezi kabla sijamminya mapaja kwa dole gumba. Nyama ikisukuma dole, unacheza. Ikibonyea, nenda kauze karanga.

Halafu akaja yule kijana wa vipimo kutoka Mikumi. Zamani alikuwa mchezaji wangu, tena mbovu; nilimkalisha benchi misimu miwili. Akaenda kusomea mambo ya misuli, akarudi na gari na begi la vyombo. Timu moja ya Mikumi ilimtuma atafute beki wa kushoto. Mmoja tu. Na beki wa kushoto nilikuwa naye, kijana niliyemfundisha tangu hajui kufunga kamba za viatu. Kama ni zamani, neno langu lingetosha. Lakini huyu akasema atapima kila anayeitaka nafasi hiyo, na wengine nao akawaahidi kuwapima.

Alituonyesha kwanza. Unakaa mezani, mguu unafungwa mkanda, mkanda umeshikana na kisaa kidogo. Unasukuma kwa nguvu zako zote, kisaa kinaonyesha kilo. Paja la mbele, paja la nyuma, kulia, kushoto. Kisha unaruka kwa mguu mmoja, anapima kwa futi umefika wapi. Vijana walimzunguka kama nyuki, wanamwita "Dokta". Mimi nimesimama na mfuko wangu wa mipira, naitwa "Mzee" tu miaka yote. Iliniuma, siwezi kudanganya.

"Mwalimu," akaniambia wakati wa kuondoka, "nitarudi Jumamosi saa kumi. Naomba wapumzike siku mbili kabla, miguu isiwe na uchovu."

"Nimesikia," nikasema.

Jumamosi alfajiri nikawaita wote Tindiga kupandikiza mpunga. Ni desturi yetu: kila msimu wachezaji wananipa siku moja ya shamba, nami nawapikia wali na nyama. Ila siku yenyewe ilikuwa bado, niliisogeza mimi. Nilijua kuinama kwenye matope tangu asubuhi kunalifanya nini paja la nyuma. Nilitaka kile kisaa kisome ovyo kwa wote, tucheke, nimwambie: unaona, chombo chako kinasema uongo, niulize mimi. Beki wangu alipandikiza kuliko wote.

Mmoja tu hakuja, kijana wa wafugaji wa Msowero. Alikuwa amekaa kwenye kikao cha mahari ya dada yake. Sikumjali. Naye alicheza kushoto, lakini miguu yake myembamba sikuwahi kuihesabu.

Saa kumi mpimaji akauliza, "Jamani, mmepumzika?"

Wote wakanitazama. Nikakohoa.

"Tumepumzika, Dokta," wakasema. Nani angemuumbua mzee wake mbele ya mgeni?

Beki wangu akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kisaa kikampa kilo za aibu. Akaja yule wa Msowero, watani wake wakaanza.

"Wewe wa ng'ombe, hiyo ni miguu au fimbo za kuchungia?"

"Fimbo ndiyo inayomwendesha fahali, mtani wangu."

Akasukuma. Hakuna aliyemfikia.

Mpimaji akanivuta pembeni. "Mwalimu, huyu beki wako ana nini? Nimemwona akicheza. Hizi namba si zake."

Hapo ndipo ningesema. Lakini niliona vijana wanalisogelea daftari lake, kila mmoja anataka kujua miguu yake ina kilo ngapi, na wivu ukanijaa. "Kisaa chako kimeshasema," nikamjibu. "Mimi nina kisomo gani?"

Wa Msowero akaenda Mikumi. Wiki mbili sikula vizuri, ndipo nikapanda basi kumfuata mpimaji. Nilimkuta uwanjani, na yule wa miguu ya fimbo anakimbia pembeni ya mstari kama moto wa nyika. Hata hilo lilinichoma: kijana wangu mwenyewe, na mtu mwingine ndiye aliyemwona. Nikamweleza mpimaji yote.

"Nafasi imejaa, mwalimu," akasema. "Na huyu nimtoe kwa kosa gani?"

Nikarudi Kilosa, nikaenda moja kwa moja kwenye mashine yangu. Beki alikuwa anashona magunia ya mchele.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Nikamwambia yote nikiwa nimesimama.

Alinisikiliza bila kuachia sindano. "Mzee, asubuhi ile ungeniambia unataka kumkomoa Dokta kwa miguu yetu, unadhani ningekataa kuja shambani?"

"Usingekataa."

"Basi ungeniambia," akasema, akavuta gunia jingine.